Uji Usimwagike

Baba yangu alikuwa na upara wa duara utosini, mpana kama kisosi cha chai. Nywele zilimzunguka pande zote, kwanza nyeusi, baadaye nyeupe, lakini pale katikati hapakuota kitu. Sisi watoto tuliambiwa ni mapunye ya utotoni, tukaamini, maana nani anakaa kuuchunguza utosi wa baba yake? Mchana kutwa alikuwa na kofia ya viua, na akiivua ni kuoga au kulala.

Naanza na utosi kwa sababu ndio uliokuwa ushahidi, nami niliishi nao miaka na miaka bila kuuona. Mimi ni mwalimu wa Historia. Kila mwaka nawafundisha watoto wa watu vita vya Kagera. Nawachorea ramani ubaoni, natia mto kwa chaki ya buluu, natia mishale kuonyesha majeshi yetu yalivyovuka. Ya nyumbani kwangu siyajui. Kweli kinyozi hajinyoi.

Baba alikuwa Mzaramo wa Temeke, mzaliwa na mtoto wa mzaliwa. Vita vilipoanza alikuwa kibarua wa bandarini na mgambo wa mtaa. Walikusanywa, wakafundishwa upesi upesi, wakapandishwa treni ya bara. Alirudi baadaye sana, amekonda, akaoa, akarudi bandarini, akatuzaa watatu, mimi binti wa kwanza, kisha wadogo zangu wawili wa kiume. Ya vitani hakuyasema. Nilipokuwa na miaka kama tisa nilimuuliza, "Baba, uliua watu wangapi?" Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasema, "Mie nilipika." Akamaliza kufunga, akaenda kazini.

Sikuridhika hata kidogo. Shuleni, siku ya mashujaa, mwalimu alituambia tusimame wale ambao baba zetu walipigana. Mwenzangu mmoja akasema baba yake ana risasi mguuni mpaka leo, darasa zima likasema "Aaah!" Zamu yangu ilipofika nikaona siwezi kusema mbele ya watoto sitini kwamba baba yangu alikwenda vitani kukoroga uji. Nikasema alikuwa mpiga mizinga. Nao wakasema "Aaah!", nami nikaketi nimevimba kama andazi. Uongo ule niliukuza, nikasoma nao, nikaajiriwa nao. Hata wanafunzi wangu nimewaambia: baba yangu alikuwa mpiga mizinga.

Aliyekuwa ananiharibia ni Mnyamwezi wa baba. Ndivyo tulivyomwita, Mnyamwezi wa baba, kama vile mtu anavyosema baiskeli ya baba. Walikutana vitani, na vita vilipokwisha yule bwana hakurudi kwao, akamfuata rafiki yake mpaka Dar es Salaam, akapata kiwanja Tabata, akawa fundi bati: anaziba masufuria, anakata majiko ya mkaa. Kila Jumapili alikuja kwetu. Hakupiga hodi ya kawaida. Alisimama getini akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Hodi kwa mpishi! Uji umeiva?" Na baba, mtu mkimya yule, alijibu kutoka ndani: "Pita, mpagazi! Teremsha mzigo!"

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu begani. Mtani akikutukana hukasiriki, akichukua kuku wako humdai. Hayo niliyajua. Wale wawili waliitana mtumwa, mvivu, mwizi wa nazi, mla nyuki, wakacheka mpaka baba akashika mbavu. Lakini utani wa Mnyamwezi ulirudi palepale kila mara. "Huyu baba yenu," alituambia, "bunduki aliiona kwa mbali. Kazi yake uji." Nami nilikuwa nachukia kimoyomoyo. Nilimpa chai kwa adabu zote, shikamoo nikamwamkia, lakini nilichukia.

Na kweli baba alipenda uji kupita kiasi. Kila Ramadhani alipika mwenyewe wa kufuturisha majirani, sufuria kubwa lenye viraka vitatu vya Mnyamwezi wake, mwiko mrefu kama kasia. Wanaume wa mtaani walimcheka. Yeye alikoroga, akapakua, na kila aliyepokea bakuli la pili aliambiwa na baba maneno yaleyale: "Kunywa na wa mwenzio." Nyumbani tuliyageuza mzaha. Mdogo wangu akitaka kuongezwa wali anasema, "Nipe na wa mwenzangu." Baba hakucheka mzaha ule, wala hakutukataza.

Kulikuwa na jambo jingine. Baba hakuwahi kutupiga. Lakini siku moja mdogo wangu alichezea bakuli, uji ukamwagika mkekani. Baba aliutazama ule uji unavyoenea, akasimama, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma mpaka adhuhuri. Mama akatuambia tufute taratibu na tusimsemeshe. Tuliona ni ubahili.

Alikufa miaka miwili iliyopita. Aliswali alfajiri, akalala kidogo, hakuamka. Sisi huzika upesi. Kufika saa nne turubai lilikuwa limefungwa uwanjani, viti vya plastiki vimepangwa, wadogo zangu wamekwenda kutengeneza kaburi. Mimi, kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba, nikaambiwa niandike wasifu wa marehemu ili mjumbe wa mtaa ausome kabla jeneza halijatoka. Siku hizi hata kwenye misiba yetu watu hupenda kasomwe kawasifu kidogo.

Nilikaa chumbani na karatasi. Nilipofika kwenye vita mkono haukusita hata kidogo. Nikaandika: alilitumikia taifa katika vita vya Kagera akiwa mpiga mizinga hodari.

Mjumbe akasoma kwa kipaza sauti. Alipofika pale nikasikia watu wakiguna kwa heshima chini ya turubai, na mzee mmoja akasema, "Kumbe! Na alivyokuwa mpole." Moyo wangu ulijaa. Niliona sasa angalau baba yangu anakwenda akiwa shujaa. Wanaume wakainama kuliinua jeneza lililokuwa ukumbini.

Ndipo Mnyamwezi akaingia. Alikuwa amevaa koti kuukuu na kofia ya sufi kwenye jua lile. Hakumpa mtu mkono. Alikwenda moja kwa moja mpaka kizingitini, akalala chali, mlango ukaziba, waliobeba jeneza wakakwama ndani.

"Huyu hatoki!" akapaza sauti. "Huyu ananidai? Hapana! Mie ndiye ninayemdai. Uji wangu wa leo sijanywa! Mizinga? Nani kasema mizinga? Mizinga anaijua Mnyamwezi, ya nyuki! Huyu ni mpishi! Mpishi wa uji, mwizi wa sukari! Mwacheni aamke akoroge!"

Wazee wawili watatu walianza kutabasamu. Lazima niliseme hilo, kwa sababu maana yake walijua, mimi ndiye sikujua. Nilijua utani wa Jumapili, wa chai na vicheko. Nilizaliwa mjini, misiba niliyoizoea ina ratiba na msema chochote. Sikujua kwamba utani wa msibani ndio wenyewe hasa, kwamba mtani ndiye anayemzuia marehemu asiondoke kama mgeni, ndiye anayesema kwa vituko kile ambacho wafiwa hawawezi kusema kwa machozi.

Mimi nilichoona ni kwamba mbele ya mtaa mzima ananivua nguo.

Hasira zangu zi karibu, sihitaji kuambiwa. Kulikuwa na ndoo ya maji pembeni. Niliinyanyua nikammwagia yote. Watu wakacheka, wakidhani nami nimeingia kwenye utani. Lakini nikapiga kelele, sauti ikapasuka, machozi yananitoka: "Toka kwetu! Mlevi mkubwa wewe! Baba yangu hakuwa mpishi! Baba yangu hakupika!"

Kicheko kikakatika. Yule mzee aliinua kichwa, maji yanamchuruzika kidevuni, akanitazama, nami sijawahi kutazamwa vile. Vijana wa mtaa, kuona nalia kweli, wakamshika mikono na miguu wakamtoa nje ya uzio. Hakujitetea. Jeneza likatoka. Baba akaenda kuzikwa, na mtani wake akabaki barabarani ameloa chapachapa.

Tanga lilipovunjwa siku ya tatu, mama aliniita. Alikuwa ameanza eda, amekaa chumbani na kaniki yake, hatoki nje mpaka miezi minne na siku kumi.

"Siku ile ulimfukuza nani?" akaniuliza.

"Mlevi mmoja, mama."

"Yule hajaonja pombe tangu nimjue."

Nikaanza kukunja mkeka.

"Baba yenu amefukiwa," akasema mama. "Hajazikwa. Na arobaini haisomwi katika nyumba hii mpaka Mnyamwezi wake aje. Mie nipo ndani, siwezi kumfuata. Uliyemtoa ni wewe, utakayemrudisha ni wewe."

"Kwani mama, baba alikuwa mpishi kweli?"

"Usiniulize mie. Muulize aliyekunywa."

Mama yangu akisema neno kwa sauti ndogo namna ile, ujue limekwisha kupigwa muhuri. Shehe aliambiwa, wadogo zangu wakaambiwa, na wote wakanitazama mimi. Nilipiga simu, haikupokewa. Nikamtuma mdogo wangu, akarudi akasema mzee anasema hana shida na mtu, anawasalimu. Anawasalimu! Ndipo nikaogopa. Mnyamwezi wa baba hajawahi kutusalimu kwa adabu maishani.

Zilibaki siku nane kufika arobaini. Jumamosi nikavaa baibui, nikakodi bajaji mpaka Tabata.

Nilimkuta kibandani kwake, paa la bati, masufuria yaliyotoboka yametundikwa ukutani, majiko mapya yamepangwa nje. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anagonga ukingo wa sufuria kwa nyundo ndogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu." Akanisogezea kigoda kingine. Adabu tupu. Kila neno lilinichoma.

Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi la mkaa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikaanza, "Mzee wangu, nimekuja kukuomba radhi kwa yale—"

Alitupa nyundo akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. "Usiseme! Usiseme hilo neno!"

"Lakini nimekukosea..."

"Mtani haombwi radhi! Ukiniomba radhi nikikusamehe, tumemaliza, utani umekufa. Nitakuwa mzee tu wa Tabata aliyemfahamu baba yako. Ndicho unachotaka?"

"Maji nilikumwagia, mzee. Nikakutoa nje."

"Maji yalikuwa mazuri, palikuwa na joto. Kubebwa ndiyo heshima yetu, mtani lazima abebwe." Akaokota nyundo, hakugonga. "Wewe ulilia. Ulinikasirikia kweli. Na ulisema hakupika." Akafuta vumbi kwenye nyundo. "Mie nimemtukana mpishi zaidi ya miaka arobaini. Wewe kwa siku moja ukamfuta."

Nikajaribu tena kuomba radhi kwa njia nyingine, akaziba masikio tena. Nikajaribu kumweleza habari za mama na arobaini, akaanza kugonga sufuria kwa nguvu nisisikike. Nikapandisha sauti, naye akazidisha kugonga. Magoti yananiuma, vumbi la mkaa limeniingia mdomoni, baibui limeharibika, na hasira zangu zile zile, ambazo nilizificha njia nzima, zikapanda.

"Basi baki na manyundo yako!" nikafoka. "Mnyamwezi mkubwa wewe, kichwa kigumu kama gogo la mzinga wa nyuki! Umekula kwetu tangu sijazaliwa, hata kuku mmoja hujaleta, leo unanuna kama mwari!"

Nyundo ikasimama hewani. Nilidhani nimemaliza kila kitu.

"Eeeeh!" akasema, na uso wote ukafunguka. "Sasa umefika! Keti. Umechelewa wapi, mtumwa wangu? Nimekungoja mwezi mzima."

Akaagiza chai kwa mama lishe wa jirani. Nikanywa. Ndipo nikamuuliza kama baba alikuwa mpishi kweli, na yeye akanieleza huku anagonga, na tangu mwanzo mpaka mwisho hakumsifu baba yangu hata mara moja, kwa sababu mtani hasifu.

"Baba yako alikuwa mjinga," akasema. "Mjinga namba moja. Sie tulikuwa mbele ndani ya mahandaki, mvua haikatiki, tope mpaka hapa. Jiko liko nyuma, ng'ambo ya bonde. Hapo katikati ni uwanja mtupu, na wale jamaa wanatuona kama unavyoniona wewe. Mtu akitaka kupita pale, anatambaa. Kamanda anatambaa. Mie nimetambaa mpaka viwiko vimechubuka. Sasa kila kukipambazuka, tukigeuka nyuma tunamwona Mzaramo mmoja anakuja anatembea. Wima! Debe la uji kichwani, mkono mmoja kwenye debe, mwingine anapunga, utadhani mwanamke anatoka kisimani."

"Kwa nini hakutambaa?"

Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi wangu wa mwisho darasani. "Ukitambaa, uji si unamwagika?"

Niliweka kikombe chini.

"Tunampigia kelele, lala chini, mjinga we! Yeye anakuja. Vitu vinapita vinalia, yeye anakuja mwendo uleule. Hakimbii, maana akikimbia pia unamwagika. Siku moja kombora likaanguka karibu, debe likainama, uji wa moto ukamtiririkia utosini. Mtu mwenye akili angelitupa. Huyu akalinyoosha, akaja nalo. Amefika, nywele zimetoka na ngozi yake, anauliza, 'Nani hajapata kikombe?' Umewahi kuona mjinga wa namna hiyo?"

Mkono wangu ulikwenda wenyewe utosini kwangu, juu ya ushungi. Mapunye. Nilikuwa nimemsugua kichwa kile kwa mafuta ya nazi mara ngapi alipokuwa mzee?

"Halafu kuna siku moja," akasema, na sasa alikuwa anagonga taratibu. "Tulipigwa mpaka kukakucha. Kulipokucha, nusu yetu hawapo. Wapo, ila wamelala, hatujawahi hata kuwafunika. Tukasema leo mpishi haji, uwanja wote umefumuliwa. Akaja. Debe limejaa, maana alipika kwa idadi ya jana. Akatoa vikombe vya bati, akavipanga kwenye ukingo kama siku zote, akavijaza vyote, kikombe cha kila mtu. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Kumaliza kujaza ndipo akatazama chini. Mie nilikuwa mdogo kuliko wote, hata ndevu sina, nalia, nimesema sinywi kitu. Akaja akachuchumaa hapa, mbele yangu. Akaninywesha wa kwangu. Halafu akaleta kikombe cha pili, cha yule aliyelala ubavuni kwangu, mtu niliyelala naye blanketi moja. Nikamwambia siwezi. Akaniambia, 'Kunywa na wa mwenzio.' Akapita kwa wote waliobaki, mmoja mmoja. Kila mtu alikunywa viwili. Halikumwagwa tone. Akabeba debe lake tupu akarudi, wima, kwenda kubandika maharage."

Aliweka nyundo chini. Barabarani pikipiki zilipita, muuza kashata akapita na sinia. Mimi sikuwa Tabata.

"Sie ndio wapagazi," akasema mzee. "Dunia nzima inajua. Lakini mpagazi wangu alikuwa Mzaramo. Aibu gani hiyo! Ndiyo maana nilihamia huku, nije nimcheke kwa karibu."

Nimesoma vitabu kuhusu vita vile, nimefaulu mitihani yake, nimeitunga mitihani yake. Sijui namna ya kueleza nilivyojisikia kwenye kigoda kile, ila kwamba niliogopa, kama mtu anavyoogopa akisimama chini ya kitu kirefu sana akatazama juu. Mtu huyu nilikuwa namfulia kanzu. Mtu huyu alinifundisha kupanda baiskeli kwenye uwanja wa shule huku akinikimbilia nyuma. Nilimtafutia mizinga ili awe mkubwa. Mizinga! Mpiga mizinga anakaa mbali na anavuta kamba. Baba yangu alikuwa anavuka uwanja ule kila alfajiri hana hata bunduki, na aliogopa kitu kimoja tu, uji usimwagike. Kisha akarudi nyumbani, akawaacha watu wamcheke Ramadhani nzima, na mtoto wake wa kwanza amwonee haya, na kwa yote hayo akasema maneno mawili: mie nilipika.

Jumatatu yake nilikuwa na kipindi. Nilichora mto kwa chaki ya buluu kama kawaida. Nilipoanza kuchora mshale mkono ukakataa. Niliwaambia watoto wafungue kitabu wasome wenyewe kimyakimya, nikasimama dirishani mpaka kengele.

Siku ya arobaini niliamka mapema nikalitoa sufuria la viraka vitatu. Mdogo wangu mmoja akasema watu wamezoea pilau kwenye hitima, nikamwambia pilau lipo, na uji utakuwepo. Nilikoroga mwenyewe kwa ule mwiko mrefu. Mabega yaliniwaka moto. Nilikuwa sijui uji wa watu wengi ni mzito namna hiyo, na hapo mimi nilikuwa kwenye uwanja wa nyumbani, kivulini.

Shehe alifika, watu wakajaa. Misahafu ikagawiwa. Mama akakaa chumbani nyuma ya pazia, mlango wazi, na hakuna aliyethubutu kuanza kusoma. Saa tano ikapita. Mdogo wangu ananitazama. Nami naanza kujiuliza kama Mnyamwezi ameamua kunilipa.

Kisha getini: "Hodi kwa mpiga mizinga!"

Koti lilelile, kofia ileile ya sufi. Alipita katikati ya watu, akaenda mpaka kizingitini, akalala chali palepale alipolala siku ile, akakunja mikono kifuani.

"Hakisomwi kitu hapa!" akasema. "Mpiga mizinga yuko wapi? Nimeambiwa kwenye nyumba hii kulikuwa na mpiga mizinga hodari. Nataka kumwona!"

Mjumbe aliyesoma wasifu wangu alikuwa mstari wa mbele. Jirani zangu wote walikuwepo, na walimu wenzangu wawili. Nilitoka jikoni na mabakuli mawili, moja kila mkono, nimeyajaza mpaka ukingoni, natembea polepole sana. Nilipofika miguuni kwake nikasema kwa sauti ya darasani, ya kusikika mpaka nyuma:

"Hapa hapakuwa na mpiga mizinga. Niliongopa. Hapa palikuwa na mpishi."

Mzee akaketi. Nikampa bakuli la kwanza, akalinywa lote bila kupumua. Nikampa la pili.

"Kunywa na wa mwenzio," nikamwambia.

Alilishika kwa mikono yote miwili. Nilisubiri tusi. Kofia ya sufi ilikuwa inatetemeka, na kwa muda mrefu hakuinua uso. Kisha akanywa, taratibu, mpaka mwisho, akapitisha kidole kwenye bakuli akakilamba kisibaki kitu.

"Mbovu," akasema. "Umeungua chini, na una mabonge. Baba yako alikuwa anajua kupika."

Nyuma ya pazia nilimsikia mama anapenga kamasi.

"Haya," akasema mama. "Sasa someni."